Nyota Akijeruhiwa, Timu Ifanyeje?

Jioni moja katika muhula wa pili, jirani yangu hapa Kiuu alibisha hodi akiwa ameandamana na bintiye, msichana mrefu wa shule ya upili ambaye sifa zake katika mchezo wa voliboli zimevuka mipaka ya wadi yetu na kufika Ruiru mjini na hata Thika. Msichana alikuwa akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limefura mpaka kiwambo cha goti chenyewe hakionekani. Mama aliketi, akapokea kikombe cha chai, kisha akasema: "Daktari, hebu mtazamie goti hili. Jumamosi wana fainali, na mwalimu wa michezo ameniambia kwamba bila huyu hakuna timu."

Ilinibidi nimkumbushe mama huyu, kama nilivyowahi kumkumbusha mara kadhaa, kwamba udaktari wangu ni wa maneno wala si wa magoti. Hata hivyo, nilimwuliza binti swali ambalo mtu yeyote angaliuliza: "Mwanangu, unaweza kucheza?" Naye akajibu pasipo kusita, macho yake yakiwa sakafuni: "Naweza."

Jibu hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nawaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi, kwa sababu mambo haya hutendeka katika viwanja vya shule zetu kila muhula, na kwa kawaida hakuna ayasemaye mpaka madhara yawe yamekwisha kutokea.

Msomaji aliyekulia katika Kiswahili cha pwani anajua kwamba kitenzi "kuweza" kina siri yake. Mtu akiulizwa habari za ndugu yake, naye akajibu, "Hawezi," hana maana kwamba ndugu huyo ameshindwa na kazi fulani. Maana yake ni kwamba ndugu ni mgonjwa. "Hawezi tangu juzi" ni kauli iliyokamilika, haihitaji kuongezwa neno. Wenye lugha waliziunganisha hali hizi mbili, ugonjwa na kutoweza, katika neno moja, wala hawakuona aibu yoyote ndani yake. Kutoweza ilikuwa ni habari ya mwili, kama vile joto au baridi.

Katika viwanja vyetu vya michezo neno hilo limegeuzwa. "Siwezi" imekuwa ni kukiri woga. "Naweza" imekuwa ni kiapo cha utii. Mwalimu anapomwuliza mwanafunzi mbele ya wenzake, "Unaweza?", huwa haulizi swali, huwa anaomba ahadi. Mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa atakuwa na jibu moja tu. Kwa hiyo yule binti aliponijibu "naweza," hakunipa habari yoyote kuhusu goti lake. Alinieleza jinsi anavyoipenda timu yake, na jinsi anavyoogopa kuonekana msaliti. Goti lenyewe lilikuwa na jibu tofauti, na lilikuwa likilitoa waziwazi mbele yetu sote.

Nalijua jambo hili kwa sababu niliwahi kushiriki katika kosa lake. Katika miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya wavulana ambayo sitaitaja, nami nilikuwa seta wa timu ya voliboli, yaani yule mpangaji anayeinua mpira karibu na wavu ili mpigaji aumalizie. Tulikuwa na mpigaji mmoja wa ajabu. Alikuwa akiruka, watazamaji wananyamaza. Akiupiga mpira, wapinzani wanainamisha vichwa. Katika nusu fainali alianguka vibaya akaumia bega. Mwalimu akamwuliza lile swali, naye akatoa lile jibu. Kesho yake tukaingia fainali.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa na wapigaji wengine wawili waliokuwa wazima na wenye hamu ya kucheza. Kila nilipoupata mpira, macho yangu yaliwaona, lakini mikono yangu ilimpelekea yule yule. Ilikuwa ni mazoea, na chini ya mazoea hayo ilikuwa tamaa ya kombe. Nilimwona akikunja uso kila alipopiga, nikajiambia kwamba mpira unaofuata nitampa mwingine. Sikumpa mwingine. Katika seti ya tano mkono wake ulikataa kuinuka kabisa, na tukashindwa. Hakucheza tena mchezo wa maana baada ya siku ile, ingawa alikuwa ametumaini kwamba kipaji chake kingempatia ajira katika mojawapo ya vilabu vya mashirika, kama vilivyokuwa vikiwapa vijana wengi wa rika letu. Tunakutana mara kwa mara. Hanilaumu. Lakini kila anapotaka kuteremsha kitu kilichowekwa juu ya rafu, hutumia mkono wa kushoto.

Basi swali la leo ni hili: nyota wa timu akijeruhiwa, timu ifanyeje? Ni swali linaloulizwa katika michezo yote. Wamarekani huuliza mpigaji wao hodari wa besiboli akiumia mguu, wenzetu wa kandanda huuliza mfungaji wao akivunjika kidole, na sisi wa voliboli huuliza goti likifura. Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni mawili: ama mjeruhiwa achezeshwe hivyo hivyo, ama atafutwe mwingine anayefanana naye. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili ni mabaya, na historia ya michezo inaweza kutuonyesha kwa nini.

Tuanze na Brazil, taifa ambalo hata wasiofuatilia kandanda wanalijua. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 kule Chile, Pelé aliumia katika mechi ya pili, dhidi ya Czechoslovakia, wala hakucheza tena katika mashindano hayo. Nafasi yake ilijazwa na kijana Amarildo. Hakuna aliyemtaka Amarildo awe Pelé. Timu ilibadilika, mzigo ukagawanywa. Amarildo alifunga mabao mawili dhidi ya Hispania; Garrincha, ambaye kazi yake ilikuwa winga, alifunga mawili dhidi ya Uingereza na mengine mawili dhidi ya wenyeji Chile. Brazil ikatwaa kombe kwa kuifunga Czechoslovakia ile ile mabao matatu kwa moja katika fainali, na Amarildo alikuwa miongoni mwa wafungaji.

Miaka minne baadaye, 1966, kule Uingereza, Pelé huyo huyo aliumizwa katika mechi ya kwanza dhidi ya Bulgaria. Akakosa mechi ya pili, na Brazil ikafungwa na Hungary. Hofu ikaingia. Katika mechi ya tatu, dhidi ya Ureno, alirudishwa uwanjani kabla hajapona vizuri, akachezewa vibaya tena, na kwa kuwa siku zile sheria za Kombe la Dunia hazikuruhusu mchezaji kubadilishwa, akawa anachechemea uwanjani huku wenzake wakipambana wakiwa kama kumi. Brazil ilifungwa mabao matatu kwa moja ikarudi nyumbani. Nchi ni ile ile na nyota ni yule yule. Mara ya kwanza waliukubali ukweli wa mwili wake. Mara ya pili waliukataa.

Liko kosa la tatu ambalo ni la hila zaidi, nalo ni kumlilia mjeruhiwa mpaka wazima wakasahau kwamba wao pia ni timu. Mwaka 2014 Brazil ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia. Neymar aliumia mgongo katika robo fainali dhidi ya Colombia. Kabla ya nusu fainali kule Belo Horizonte, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walishika jezi yake wakaiinua kana kwamba wamo katika matanga. Sisemi kwamba jezi ndiyo iliyowaangusha. Nahodha wao Thiago Silva naye alikuwa nje kwa adhabu, na Ujerumani ilikuwa timu bora kwelikweli. Lakini waliofungwa mabao saba kwa moja siku ile walionekana wazi kuwa watu walioingia uwanjani wakimfikiria asiyekuwapo. Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Nami naongeza kwamba hata kulikodolea pengo macho mchana kutwa si dawa yake.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Brazil, sisi yanatuhusu nini? Basi na turudi nyumbani, tena kwenye mchezo wa kriketi, ambao kwa kuwa na mpigaji mwenye gongo mkononi ndio ulio karibu zaidi na besiboli ya Wamarekani. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune nchini India, Kenya ilicheza na West Indies katika Kombe la Dunia. West Indies walikuwa na Brian Lara, ambaye miaka miwili tu iliyotangulia alikuwa amepata mikimbio 501 katika mchezo mmoja kule Uingereza akiichezea Warwickshire. Kenya ilipata jumla ya mikimbio 166, na hakuna mpigaji wetu hata mmoja aliyefikisha 30. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la nyongeza, zile ambazo haziandikwi kwa jina la mpigaji yeyote. Kwa maneno mengine, siku ile hatukuwa na nyota wa kupiga. Tulichokuwa nacho ni watu kumi na mmoja waliofanya kila mmoja sehemu yake. Rajab Ali akamtoa Lara mapema, nahodha Maurice Odumbe akawatoa watatu, na West Indies wakaporomoka kwa mikimbio 93. Ile timu yenye nyota ndiyo iliyoanguka pale nyota alipoondoka.

Lakini Kenya hiyo hiyo haikulihifadhi somo lake. Steve Tikolo alikuwa mpigaji wetu bora kabisa, naye alituchezea katika Makombe matano ya Dunia, kuanzia 1996 hadi 2011. Alikuwa nahodha mwaka 2003 tulipofika nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi isiyo na hadhi ya mechi za majaribio iliyowahi kulifanya. Hata hivyo, mwaka 2011 bado macho yetu yalikuwa kwake, akiwa na umri wa miaka 39, na Kenya ikashindwa mechi zake zote sita. Miaka mitatu baadaye, 2014, tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Ziko sababu nyingine, zikiwamo migogoro ya uongozi, ukosefu wa fedha na uhaba wa mechi. Lakini hapana ubishi kwamba hatukuandaa warithi. Uzee wa nyota ni jeraha linalokuja polepole, tena lenye kutangaza siku ya kufika kwake. Timu isiyoweza kujiandaa kwa jeraha la namna hiyo itawezaje kujiandaa kwa lile linalotokea ghafla Ijumaa jioni?

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba nitoe mfano kutoka katika lugha yetu wenyewe, kwa maana naona lugha imelitatua tatizo hili zamani. Tuchukue sentensi hii: "Vikombe vyangu vile viwili vimevunjika." Mwanafunzi wa kigeni hulalamika kwamba Kiswahili kinarudiarudia bure, kwani alama ile ile ya ngeli inajitokeza katika kila neno. Lakini hebu isemee sentensi hiyo kando ya barabara pale Githurai, matatu zikipiga honi na makanga wakiita abiria. Honi ikilifunika neno "vikombe," maneno yaliyobaki bado yanakuambia kwamba ni vitu vya ngeli ya ki-vi, kwamba ni vyangu, kwamba ni viwili, na kwamba vimevunjika. Honi ikilifunika neno "viwili," ungali unajua kwamba ni zaidi ya kimoja. Lugha haikuuweka mzigo wote juu ya neno moja, kwa sababu ilijua kwamba dunia ina kelele na neno lolote linaweza kupotea. Huo si urudufu wa bure. Ni hekima ya kuishi.

Timu nzuri hujengwa hivyo hivyo. Ujuzi wa kumalizia mpira usikae kwa mtu mmoja. Kila mmoja awe nao kwa kiasi chake, ili jeraha likimfunika mmoja, maana ya timu isipotee.

Naam, ziko hoja za kunipinga, nazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya ushujaa. Wapenzi wa besiboli hawaachi kumtaja Kirk Gibson wa Los Angeles Dodgers. Katika mechi ya kwanza ya fainali za mwaka 1988, dhidi ya Oakland, Gibson alikuwa ameumia miguu yote miwili. Timu yake ikiwa nyuma kwa nne dhidi ya tatu, na ikiwa imebakiza nafasi moja tu, alitoka akichechemea, akaupiga mpira ukatokomea nje ya uwanja, na Dodgers wakashinda tano kwa nne. Nani hatavutiwa na kisa hicho? Lakini wanaokisimulia huachia katikati. Gibson hakupiga tena katika fainali hizo. Dodgers walizishinda kwa mechi nne dhidi ya moja, na mechi tatu kati ya hizo nne walizishinda wapigaji wengine na mrushaji wao Orel Hershiser, Gibson akiwa ameketi. Tena Gibson alikuwa mtu mzima wa miaka 31, mwenye mkataba na mshahara, na timu yenye waganga wake. Msichana wa miaka 16 au 17 kutoka Kiuu hana hata kimoja cha hivyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo ambayo jirani yangu aliitoa kwa sauti ya chini baada ya bintiye kutoka nje. "Daktari," aliniambia, "katika fainali watakuja watu wa kutafuta wachezaji. Wakimpenda, huenda akapata karo. Mimi karo sina." Walimu wenzangu, tusijifanye hatuijui hoja hii. Kwa watoto wengi wa mitaa yetu kipaji cha michezo ndiyo mali pekee wanayoweza kuiuza, na soko hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Kumwambia mzazi kama huyo habari za uvumilivu ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Nilimjibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Nilimwambia kwamba mtu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye anayepaswa kumtunza kuliko tajiri mwenye zizi. Ikiwa goti ndilo mali yote ya nyumba, basi haliwezi kuwekwa rehani kwa kombe la Jumamosi moja. Waliokuja kutafuta wachezaji hawatamchukua msichana anayechechemea. Na wakimchukua bila kujua, watamwacha watakapojua. Nilimwahidi pia kwamba nitamwandikia mwalimu wa michezo barua, kumwomba awaeleze wageni hao kwamba yuko mchezaji mgonjwa anayestahili kutazamwa siku nyingine. Ni jambo dogo, lakini mwalimu analiweza, na wengi wetu hatulifanyi.

Sasa niseme ninachodhani kinafaa kufanywa, kwa maneno ya kawaida.

Kwanza, uamuzi wa kucheza au kutocheza usiachiwe mjeruhiwa, wala usiachiwe mtu atakayesifiwa timu ikishinda. Mpigaji atasema "naweza." Mwalimu, hata akiwa mwema, ataisikia "naweza" hiyo kwa sikio la kombe. Uamuzi upewe mwuguzi, au daktari halisi, au angalau mwalimu mwingine asiyehusika na timu. Na badala ya "Unaweza?", tumwulize mambo ambayo mwili unaweza kuyajibu: Unaumwa wapi? Hebu chuchumaa. Hebu simama kwa mguu huu mmoja. Hebu inua mkono huu mpaka juu ya kichwa. Ikiwa kuna uvimbe, au kiungo hakimalizi mwendo wake, au amegongwa kichwa na anaongea kama mtu anayeota, mjadala umekwisha. Penye shaka, apumzike.

Pili, tusimtafute pacha wa nyota. Anayeingia aingie kama alivyo, na timu ibadilike ili imfae. Katika voliboli, mpigaji mkuu akitoka, seta anapaswa kugawa mipira kwa wote watatu walio mbele, na hata kwa walio nyuma. Alama hupatikana pia kwa kuanzisha mpira kwa ustadi, kwa kuzuia pale wavuni, na kwa kuokota mipira ambayo wapinzani walidhani imekwisha kufa. Mtoto anayeambiwa, "Leo wewe ndiye fulani," anaingia uwanjani akiwa ameshashindwa, kwa sababu fulani huyo hayumo ndani yake. Mtoto anayeambiwa, "Kazi yako leo ni hii na hii," ana jambo la kufanya.

Tatu, timu ijifunze kucheza bila nyota wakati nyota angali mzima. Katika mazoezi ya kila juma, mwalimu amketishe mpigaji wake bora kwa seti nzima, awaache wengine wahangaike. Watashindwa mara ya kwanza na ya pili. Ni afadhali washindwe Jumanne, uwanja ukiwa mtupu, kuliko kujifunza hayo fainali.

Nne, mjeruhiwa asitupwe. Nimewaona vijana ambao siku walipoumia ndiyo siku walipoacha kusalimiwa na mwalimu. Aketi pamoja na timu, avae jezi, ahesabu makosa ya wapinzani, amshauri aliyeshika nafasi yake. Atakaporudi, arudi kwa daraja: mazoezi mepesi kwanza, kisha mazoezi kamili, kisha mechi ndogo, na mwisho mashindano. Asiruke ngazi hata moja kwa kuwa mkuu wa shule anataka picha na kombe.

Mwishowe, tuitazame lugha yetu. Kiswahili cha michezo kimeazima maneno mengi ya vita: kikosi, ngome, mashambulizi, kombora, majeruhi. Si vibaya, kwani maneno hayo yana nguvu na watangazaji wetu wameyatumia kwa ufasaha. Lakini ikiwa tumeazima maneno ya vita, basi tuazime na adabu zake. Hata vitani majeruhi hubebwa akaondolewa, hapewi mkuki akaambiwa arudi mbele. Na lile neno "nyota," ambalo tunalibandika kwa watoto wa miaka 15, wazee walilitumia kwa maana ya bahati ya mtu, ile aliyozaliwa nayo. Nyota ya mtu ni yake. Si mali ya shule, si ya kaunti, wala si ya mashabiki.

Haya hayaishii uwanjani. Ninapofundisha huona makundi ya wanafunzi watano wanaoandika kazi moja, na mmoja ndiye anayeiandika yote. Siku akiugua, wanne wanakuja ofisini kwangu mikono mitupu. Katika madarasa ya shule tunao wanafunzi ambao wanapewa kila swali gumu siku mkaguzi anapokuja, huku wenzao thelathini wakigeuka watazamaji. Tunamwumiza yule mmoja kwa mzigo, na tunawaumiza wengine kwa kuwanyima mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tumekuwa tukikilazimisha kidole hicho mpaka kimetenguka.

Msomaji atataka kujua yaliyotokea Jumamosi ile. Mama alimpeleka binti hospitali siku ya Alhamisi, akaagizwa apumzike majuma sita. Mwalimu wa michezo, ambaye nilikuwa nimemdhania vibaya, aliipokea barua yangu kwa upole, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa amelala vizuri. Nilikwenda kutazama. Binti aliketi kwenye benchi akiwa na jezi yake, daftari magotini, akiandika. Timu yake ilishindwa kwa seti tatu kwa mbili. Siandiki ili kudai kwamba kutenda haki huleta kombe. Mara nyingi hakuleti.

Lakini katika seti ya nne, ambayo waliishinda, nilimtazama sana yule seta wao, msichana mfupi mwenye umri kama niliokuwa nao mimi miaka ile. Mpira ulimfikia ukiwa mzuri. Aliangalia kushoto, pale alipokuwa amezoea kuupeleka, akaona hayupo. Akaugeuza kulia.